Mashujaa Wengi, Sauti Moja: Maoni ya Watazamaji wa Filamu za Katuni Jijini Kigali na Nafasi ya Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna maoni ya watazamaji kuhusu filamu za katuni zenye timu za mashujaa yanavyojengeka jijini Kigali. Filamu zinazochunguzwa zaidi ni Spider-Man: Into the Spider-Verse (2018) na mwendelezo wake wa mwaka 2023, pamoja na kazi mbili za Kiafrika, Supa Team 4 na Kizazi Moto. Hoja ya msingi ni kwamba mtazamaji wa Kigali huhukumu filamu pamoja na sauti iliyomfikishia filamu hiyo. Kwa hiyo maoni yake ni ushahidi wa lugha kama yalivyo ushahidi wa sanaa. Makala yanaonyesha kuwa Kiswahili kimepewa majina katika filamu hizi bila kupewa mazungumzo, na yanapendekeza hatua za kisera za kurekebisha hali hiyo.

1. Utangulizi

Mtoto anayekulia Kigali hukutana na Kiswahili mahali pengi. Hukisikia katika stendi ya Nyabugogo, katika mitaa ya Biryogo na Nyamirambo, katika nyimbo za Bongo Fleva, na hukikuta tena darasani. Mwaka 2017 Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi, sambamba na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Hata hivyo, ni nadra mtoto huyo kukisikia Kiswahili kinywani mwa shujaa wa katuni anayempenda.

Wapangaji wa sera za lugha wamezoea kupima mafanikio kwa vitabu, walimu na vipindi vya masomo. Vipimo hivyo ni vya lazima, lakini havigusi swali la mapenzi. Lugha hupendwa inapobeba kicheko, hofu na ushindi wa mtu ambaye msikilizaji angetamani kuwa kama yeye. Filamu ya katuni hufanya kazi hiyo mapema kuliko riwaya, na timu ya mashujaa huifanya kwa upana zaidi, kwa sababu humpa kila mtazamaji nafasi ya kuchagua wa kwake.

2. Watazamaji wanaohesabiwa na wasiohesabiwa

Into the Spider-Verse ilitolewa Desemba 2018 chini ya waongozaji watatu: Bob Persichetti, Peter Ramsey na Rodney Rothman. Mwaka uliofuata ilitwaa tuzo ya Oscar ya filamu bora ya uhuishaji, na Ramsey akawa mwongozaji wa kwanza mweusi kuipata tuzo hiyo. Watazamaji waliohojiwa na kampuni ya CinemaScore waliipa daraja la A+, ambalo ni la juu kabisa. Daraja hilo hunukuliwa kana kwamba ni hukumu ya ulimwengu mzima. Ukweli ni kwamba CinemaScore huwauliza watu waliolipa kiingilio usiku wa ufunguzi katika majumba ya sinema ya Marekani na Kanada.

Kigali yapo majumba ya kisasa ya sinema, kama lile la Kigali City Tower, lakini njia ya filamu kumfikia mtazamaji wa kawaida haikomei hapo. Kuna utamaduni mpana wa agasobanuye, jina linalotokana na kitenzi cha Kinyarwanda gusobanura, yaani kueleza au kufafanua. Msimulizi mmoja huchukua filamu ya kigeni, hupunguza sauti yake ya asili, kisha huisimulia kwa Kinyarwanda tangu mwanzo hadi mwisho. Nkusi Thomas, aliyejulikana kama Yanga na kufariki mwaka 2022, ni miongoni mwa waliojenga umaarufu wa sanaa hiyo nchini Rwanda. Sanaa hii ina ndugu zake katika eneo zima: ma-VJ wa Kampala, DJ Afro wa Kenya, na marehemu Lufufu wa Dar es Salaam, aliyesimulia kwa Kiswahili.

Maoni ya mtazamaji wa agasobanuye hayaingii katika hesabu ya kampuni yoyote. Stuart Hall alionyesha mwaka 1973 kwamba ujumbe wa televisheni hufumbwa na mtoaji na kufumbuliwa na mpokeaji, na kwamba mpokeaji anaweza kuukubali, kuujadili au kuupinga. Mfano wa Kigali unahitaji mtu wa tatu katikati yao. Msimulizi ni mtazamaji wa kwanza: hufumbua, huhukumu, kisha hufumba upya. Anapomcheka adui au kumlaumu shujaa kwa kuchelewa, tayari ametoa maoni, na wasikilizaji wake hujibu filamu na maoni hayo kwa pamoja. Matthias Krings, katika anwani ya utafiti wake kuhusu wasimulizi wa video Tanzania, aliita kazi hii kugeuza wali kuwa pilau. Sitiari hiyo inafaa, maana pilau husifiwa kwa mkono wa mpishi, wala hapana anayeuliza mchele ulilimwa wapi.

3. Mashujaa wengi, sauti moja

Katika filamu ya 2018, mashujaa sita kutoka malimwengu tofauti hukutana katika mji mmoja. Kila mmoja amechorwa kwa mtindo wake. Mmoja ana rangi nyeusi na nyeupe tupu, mwingine ni nguruwe wa vikatuni vya zamani, mwingine msichana aliyechorwa kwa mtindo wa Kijapani. Wanatofautiana kwa usemi pia. Miles Morales, kijana aliye kiini cha hadithi, ana baba Mmarekani mweusi na mama wa asili ya Puerto Rico, na nyumbani kwao Kihispania huchanganywa na Kiingereza bila maandishi ya tafsiri. Watayarishaji waliacha hivyo kwa makusudi, ili asiyejua Kihispania akubali kuwa mgeni kidogo katika nyumba hiyo.

Katika Across the Spider-Verse (2023) jambo hili linazidi. Hobie Brown, shujaa wa London anayevaa kama mwanamuziki muasi, anazungumza lafudhi nzito ya mitaa ya mji huo. Sauti yake ni ya Daniel Kaluuya, mzaliwa wa London ambaye wazazi wake ni Waganda. Uasi wa Hobie unasikika katika matamshi kabla haujaonekana katika matendo. Si ajabu basi kwamba miongoni mwa malalamiko ya watazamaji wa filamu hiyo katika nchi mbalimbali lilikuwamo la mazungumzo kuzidiwa na muziki. Sauti inapofifia katika filamu kama hii, wahusika nao hufifia.

Filamu ya namna hii inapopita katika koo la msimulizi mmoja, kuna linalopotea na kuna linalopatikana. Hupotea wingi wa sauti, ambao ndio maana yenyewe ya timu: mama wa Miles, Hobie na adui wao wote hunena kwa ulimi uleule. Hupatikana ukaribu. Bibi asiyejua Kiingereza na mjukuu anayekisoma shuleni hucheka kwa wakati mmoja. Mtazamaji anayesema kuwa filamu ilikuwa tamu anaweza kuwa anamsifu mchoraji wa Marekani, na anaweza kuwa anamsifu msimulizi wa Kigali. Mhakiki asiyetenganisha sifa hizo mbili atakosea kuzisoma zote.

Mtazamo kwamba katuni ni za watoto unahitaji kusomwa kwa uangalifu uleule. Mara nyingi huchukuliwa kuwa dalili ya uchanga wa hadhira. Hata hivyo, katika mazingira ya lugha nne rasmi, mtazamo huo unaweza kuwa na sababu ya kawaida kabisa. Kiingereza ndicho lugha kuu ya kufundishia tangu uamuzi wa mwaka 2008, na mtoto wa shule huenda akaimudu katuni ya Kiingereza kuliko mzazi wake. Mzazi anayeiachia katuni hiyo watoto huenda anaachia lugha yake.

4. Jina la Kiswahili, mazungumzo ya lugha nyingine

Mwaka 2023 ulileta kazi mbili kubwa za mashujaa wa Kiafrika. Supa Team 4, iliyobuniwa na Mzambia Malenga Mulendema, ilionyeshwa Netflix ikiwa mfululizo wa kwanza wa uhuishaji wa Kiafrika wa kampuni hiyo. Wasichana wanne wa shule mjini Lusaka wanaunganishwa na Mama K, jasusi mstaafu, ili kuulinda mji wao. Mwezi huohuo wa Julai, Disney+ ilitoa Kizazi Moto, mkusanyiko wa filamu fupi 10 kutoka nchi sita za Afrika, Ramsey akiwa mmoja wa wasimamizi wakuu. Miongoni mwake imo Herderboy ya Mganda Raymond Malinga, yenye wachungaji wa ng'ombe katika ulimwengu wa mitambo. Mtazamaji wa Rwanda anayewajua inyambo hahitaji maelezo kuhusu heshima ya pembe ndefu.

Anwani Kizazi Moto ni ya Kiswahili, lakini Kiswahili si lugha inayoubeba mkusanyiko huo. Lugha kuu ya mazungumzo ni Kiingereza. Isitoshe, wakati wa kutolewa kwake Disney+ ilikuwa haijafungua huduma yake nchini Rwanda. Mkusanyiko ukapewa jina kutoka lugha ya watu ambao wengi wao hawakuwa na njia halali ya kuutazama. Hata jina lenyewe husikika tofauti kwa mzawa wa lugha. Methali husema moto huzaa jivu, ikiwa na maana kwamba mzazi hodari aweza kupata mtoto dhaifu. Anayeijua methali hiyo hukutana na swali pale ambapo wauzaji wa filamu walikusudia sifa: je, kizazi hiki ni moto, au ni jivu la moto uliotangulia? Hayo ni maoni ya kihakiki ambayo hadhira ya Kiswahili pekee ingeweza kuyatoa, na ndiyo iliyokosa nafasi ya kuyatoa.

Desturi hii haikuanza 2023. The Lion King ya mwaka 1994 ilichota majina ya Simba, Rafiki na Pumbaa, kisha ikamwita fisi mmoja Shenzi. Kwa mtoto wa Chicago hilo ni jina lenye mvumo mzuri, lakini kwa mtoto wa Biryogo ni tusi.

5. Timu na hadhi ya lugha

Hatari ya jina kama Shenzi ni kubwa zaidi Kigali kuliko Dar es Salaam. Kihistoria, Kiswahili nchini Rwanda kimehusishwa na askari, wafanyabiashara na mitaa ya Waislamu, na katika Kinyarwanda neno umuswahili laweza kubeba maana ya mtu mjanja asiyeaminika. Kuingiza sauti za Kiswahili katika filamu kwa pupa kunaweza kuufufua mtazamo huo, iwapo mwizi ndiye atakayepewa Kiswahili na shujaa akapewa Kiingereza. Vilevile, kumpa kila mhusika Kiswahili sanifu kilichopigwa pasi kutarudisha kasoro ya sauti moja kwa mlango wa nyuma. Kiswahili cha Kivu, cha Mombasa, cha Dar es Salaam na cha Kigali kinatosha kuunda timu nzima, alimradi ushujaa ugawanywe sawa na lafudhi.

Kwamba jambo hili linawezekana, shirika la Ubongo la Dar es Salaam limekwisha kuonyesha. Ubongo Kids, iliyoanza 2014, ilizungumza Kiswahili tangu mwanzo, na Akili and Me imepewa pia sauti za Kinyarwanda.

6. Hitimisho na mapendekezo

Maoni ya watazamaji wa Kigali ni uhakiki ambao bado haujapewa msomaji. Kwa watafiti, makala haya yanapendekeza kwamba kila maoni ya mtazamaji yanayokusanywa yaandikwe pamoja na lugha na njia iliyomfikishia filamu. Kwa washauri wa sera yanapendekeza mambo mawili. Kwanza, wasimulizi watambuliwe kuwa wataalamu wa sauti, na utafutwe utaratibu wa leseni utakaowatoa katika kazi ambayo kwa kawaida hufanywa bila idhini ya wenye filamu. Pili, taasisi za Kiswahili za Jumuiya ya Afrika Mashariki zitenge fedha za kuingiza sauti katika uhuishaji wa watoto, na ziwasikilize watazamaji kabla ya lafudhi za wahusika kuamuliwa.

Rwanda imekwisha kukipa Kiswahili kiti katika sheria. Mtoto wa Nyamirambo bado anasubiri kumsikia shujaa wake akikitumia kumwita mwenzake aje wasaidiane.