Mguu Umepoa, Chanzo Kiko Kifuani

Mgonjwa analalamika mguu: umeanza kuuma ghafla, umepauka, umepoa, vidole vina ganzi. Daktari anatafuta mapigo kituo kwa kituo: kinenani, nyuma ya goti, kwenye kifundo, juu ya wayo. Yakipotea kuanzia gotini, mshipa umeziba juu kidogo ya hapo. Yakikosekana kinenani pande zote mbili, huenda bonge la damu limekaa pale aota, mshipa mkuu unaotoka moyoni, inapogawanyika kwenda miguuni, karibu na usawa wa kitovu. Miguu yote miwili inaweza kulegea, na wapo wanaodhaniwa kuwa na tatizo la mgongo na kupelekwa kupigwa picha ya uti wa mgongo huku muda ukiyoyoma. Misuli iliyokosa damu huweza kuharibika kabisa ndani ya saa 6 hivi.

Kuzibua kuna njia inayojulikana. Mwaka 1963 Thomas Fogarty wa Marekani na wenzake walichapisha mbinu ya mrija mwembamba wenye puto nchani: unapitishwa hadi ng'ambo ya bonge, puto linajazwa, kisha vyote vinavutwa nje. Mguu unapata joto, na wengi huridhika. Lakini bonge lilitoka wapi?

Mara nyingi hutoka moyoni, hasa kwa mwenye mapigo yasiyo na mpangilio. Ikiwa ECG (kipimo cha umeme wa moyo) ni ya kawaida na eko ya moyo (picha ya mawimbi ya sauti) haikuonyesha kitu, aota yenyewe ishukiwe. Ni nadra damu kuganda humo kwa sababu mkondo wake una kasi. Ikiganda, huenda ukuta wa ndani umeharibiwa na mafuta, au damu ina mwelekeo wa kuganda, kwa mfano kwa mwenye saratani.

Eko ya juu ya kifua hukosa sehemu kubwa ya aota, kwani mawimbi ya sauti hayapenyi vizuri hewa ya mapafu. Eko inayopitishwa kwenye umio huisogelea aota na kuonyesha kama bonge linachezacheza. Hilo ndilo linaloogopewa kukatika. CT ya mishipa hutumia dawa ya rangi inayochomwa mkononi, na picha hupigwa dawa inapofika aotani. Damu inang'aa, bonge linabaki kivuli kilichoshika ukutani. Picha hiyo hiyo hufichua figo au bandama iliyokwisha kukosa damu. Pia hutenganisha bonge na ukuta uliochanika, ambao huonekana kama utando unaogawa mshipa njia mbili. Tofauti hiyo ni nzito: heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, hutibu bonge, lakini kwa ukuta uliochanika inaweza kuzidisha hatari ya kuvuja damu.

CT ya kuanzia tumboni kushuka chini inatosha kumpeleka mgonjwa thieta. Ikiwa chanzo hakijajulikana, fomu ya kipimo iandikwe kifua pia. Bonge lililobaki juu linaweza kutuma kipande kingine kwenye mguu uliozibuliwa jana.