Kioo na Miti Mitatu

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Kwa mkulima walisema kweli, kwa sababu jembe baya huchosha mkono tu na udongo hausikii maumivu. Mwindaji hana nafuu hiyo. Bunduki iliyofungwa darubini isiyoifaa, au iliyokosa pa kuegemea, humwachia mnyama risasi ya tumbo, na mfuata nyayo humwachia kazi ya kutwa nzima ya kutafuta matone ya damu majanini. Kwa hiyo naomba ruhusa ya kuwapinga wahenga mara hii moja na kumsifu anayechagua. Kuchagua kioo na tegemeo la bunduki nyepesi ni ufundi kamili. Kipimo chake si kupiga mbali. Kipimo chake ni kujua risasi itatua wapi kabla kidole hakijagusa kifyatulio.

Ufundi huu huanzia miguuni. Sheria za uwindaji za Tanzania zinakataza kumpiga mnyama ukiwa ndani ya gari. Gari hukufikisha porini, kisha ni mwendo. Katika miombo ya Tabora na Katavi, au katika mapori ya kusini kuelekea Mto Rufiji, mwindaji anaweza kutembea tangu alfajiri hadi jua la utosini nyuma ya pofu wasiotaka kusimama. Mizani itasema kwamba bunduki ya kilo tatu na nusu haibadiliki kati ya saa moja asubuhi na saa nane mchana, lakini bega litakana. Ziko darubini za gramu 200 hivi, na ziko zinazozidi kilo moja. Gramu zote zinazoongezwa dukani hulipwa njiani, na malipo yake ni pumzi, ambayo ndiyo mali ya kwanza ya mtu anayetaka kulenga.

Lakini dukani ndiko vishawishi huanzia. Darubini inayokuza mara 25 inapendeza sana ukiichungulia ukiwa umekaa kitini. Hesabu ya ukuzaji ni nyepesi: ukikuza mara nne, swala pala aliye mita 200 ataonekana kama yuko mita 50. Mtu husema, kama nne ni nzuri, basi 25 ni bora zaidi. Akili nyingi huondoa maarifa. Kadiri kioo kinavyokuza, ndivyo dirisha lake linavyobana. Darubini ndogo ikiwekwa kwenye mara moja na nusu humwonyesha mwindaji upana wa mita 20 hivi kwenye umbali wa mita 100: atamwona mnyama, kichaka alichosimama nacho, na jike lililo nyuma yake ambalo risasi ikipenya italijeruhi. Kwenye mara 25, upana huo hubaki mita moja na nusu tu. Mwindaji huona manyoya yasiyo na mwenyewe, na kabla hajatambua kama ni bega au paja, mnyama ameshageuka.

Tena kioo kikubwa hufichua mtetemo wa mkono. Hakiuletei mkono mtetemo, kwani uko palepale hata kwa anayelenga kwa vilengeo vya chuma, ila kinauonyesha kwa ukatili. Mtu akiuona msalaba wa kulengea ukirukaruka juu ya bega la mnyama, hushikwa na tamaa ya kuuvizia, na unapopita katikati hukivuta kifyatulio kwa pupa. Risasi nyingi mbaya huzaliwa katika pupa hiyo. Porini kwetu, ambako miti na majani huufupisha umbali na risasi nyingi hupigwa chini ya mita 200, darubini ya mara moja na nusu hadi mara sita inamtosha mwindaji wa kawaida na kumbakizia.

Kinachostahili fedha ni mwanga. Wanyama hutoka kula alfajiri na magharibi, saa ambazo jicho la binadamu huanza kushindwa. Chukua upana wa lenzi ya mbele kwa milimita, ugawe kwa ukuzaji: utapata upana wa mwale unaofika jichoni. Lenzi ya milimita 42 kwenye mara sita hutoa mwale wa milimita saba, na mboni ya kijana gizani hufunguka karibu kiasi hicho hicho. Lenzi ya milimita 56 kwenye mara 25 hutoa milimita mbili na kitu, na picha inakuwa kiza wakati mwindaji anaihitaji zaidi. Mboni ya mtu mzima haifunguki kama ya kijana, mara nyingi huishia milimita tano, kwa hiyo mzee hana sababu ya kulipia na kubeba lenzi kubwa ambayo jicho lake haliwezi kuinywa yote. Afadhali anunue kioo kidogo kilichosuguliwa na kupakwa utando vizuri kuliko kioo kikubwa cha bei ya chee.

Jeff Cooper, mwanajeshi mstaafu wa Marekani aliyefundisha ulengaji shabaha, aliitazama bunduki, kioo na tegemeo kama kitu kimoja. Mwaka 1983 aliwakusanya wenzake katika shule yake ya Gunsite, Arizona, wajadili bunduki ambayo mtu mmoja anayetembea kwa miguu angeweza kuifanyia karibu kila kazi. Walitaka iwe na urefu usiozidi mita moja na uzito wa kilo tatu hivi. Darubini iwe ndogo, ya ukuzaji wa mara mbili na nusu hivi, na ifungwe mbele juu ya mtutu, mbali na uso, ili macho yote mawili yabaki wazi na mkono uweze kujaza risasi kwa juu bila kikwazo. Kampuni ya Steyr ya Austria ilitoa bunduki ya namna hiyo mwaka 1998, ikiwa na miguu miwili inayojificha ndani ya ubao wa mbele. Wapo wanaoikosoa, na wana hoja: kioo kilicho mbali na jicho hupoteza ubora jua linapozama, na mwanga wa nyuma ya mlengaji huweza kukitia mng'ao. Lakini swali la Cooper halijachakaa. Hakuanza kwa kuuliza kioo kinaweza nini. Alianza kwa kuuliza mtu atakibeba wapi na atapiga akiwa katika hali gani.

Kioo kikishapatikana, kifungwe kwa pete imara na umbali wa jicho upimwe. Bunduki yenye mateke ikikutana na darubini iliyo karibu mno na uso humchana mwenyewe nyusi. Kisha irekebishwe kwa utaratibu. Darubini nyingi za Ulaya husogeza shabaha sentimita moja kwenye mita 100 kwa kila mlio wa kirekebishi. Mwenye bunduki ya .308 akiiweka ipige sentimita nne juu ya alama kwenye mita 100, risasi yake itashuka hadi palepale anapolenga kwenye mita 180 hivi. Hatakuwa na haja ya kuzungusha chochote mbele ya mnyama. Afunike virekebishi na avisahau.

Sasa tufike kwenye tegemeo, ambalo wengi hulikumbuka fedha zikiwa zimekwisha. Kutoka kitako hadi mdomo wa mtutu ni kama mita moja. Mdomo ukisogea milimita moja tu wakati wa kufyatua, risasi itakosa kwa sentimita 10 kwenye mita 100, na kwa sentimita 20 kwenye mita 200. Eneo la moyo na mapafu la swala pala lina upana wa sentimita 15 hivi. Hakuna kioo duniani kinachoweza kuilipa milimita hiyo. Kinachoilipa ni kitu cha kuegemea.

Miguu miwili inayofungwa chini ya mtutu ni mizuri kwa mtu anayelala kifudifudi kwenye mlima ulio wazi. Ndani ya miombo baada ya mvua, majani hufika kifuani, na anayelala haoni chochote ila mashina. Hapo wafuata nyayo wana jibu lao la siku nyingi: miti mitatu myembamba, minyoofu, iliyofungwa karibu na ncha kwa kipande cha mpira wa tyubu. Haina uzito wa kuogopesha, ikivunjika hukatwa mingine, na mwindaji hupiga akiwa amesimama, macho yakiwa juu ya majani. Siku hizi hutengenezwa ya kaboni na ya alumini, na ni mizuri, lakini kanuni haijabadilika. Ubao wa mbele ndio ukae juu ya miti, mtutu usiguse kitu kigumu, kwa kuwa ukigusa risasi huhama. Usipokuwa na miti hiyo mitatu, shina au kichuguu hutosha, mradi kofia au kiganja kiwe katikati.

Ninachokipenda zaidi katika miti hiyo ni kwamba humlazimisha mwindaji kuwa na mwenzake. Mfuata nyayo ndiye huibeba. Anapoona masikio ya mnyama yanayumba, huisimika bila sauti, kwa urefu wa bega la mtu aliye nyuma yake, akielekeza pale mwindaji atakapopiga. Kama hakuisimika, mwindaji mwenye adabu anaelewa kwamba mwenzake ameona jambo: upepo umegeuka, au dume lenyewe bado ni changa. Hapo tegemeo limekuwa shauri la mtu mwenye macho bora kuliko kioo, na usahihi wa bunduki umekuwa kazi ya watu wawili.

Basi, msomaji mwenye leseni na kibali mkononi, gawa fedha zako kwa busara. Nunua darubini ndogo iliyo nzuri, pete zisizolegea, na bakiza za risasi za mazoezi. Usifanyie mazoezi mezani kwenye mfuko wa mchanga tu, maana meza haitakufuata porini. Simama na miti yako mitatu, hema kama mtu aliyetoka kupanda kilima, upige karatasi. Umbali ambao huwezi kuziweka risasi tatu ndani ya sentimita 15 si umbali wako, hata kama kioo kinakuonyesha kope za mnyama. Aliye mbele ya hapo msogelee, na kama hasogeleki, mwache aende.