Mgeni Aliyetupangia Wimbo

Hakuna utunzi unaopigwa Kenya mara nyingi kuliko Wimbo wa Taifa, na sidhani kuna mwingine tunaousikiliza kidogo hivyo. Tunasimama wima, tunakaza uso, tunangoja uishe tuketi. Uliza ni nani aliutunga, utaambiwa "kamati." Ni kweli. Mwaka 1963 watu watano walipewa kazi hiyo: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi.

Nataka tumwangalie Hyslop, maana tukibishana juu yake huwa tunampa sura mbili tu: mzungu aliyetuibia wimbo, au mzungu aliyetuandikia wimbo. Kwangu mimi, zote mbili ni uvivu wa masikio.

Hyslop alikuwa Mwingereza, afisa wa muziki na maigizo katika serikali ya kikoloni. Hiyo peke yake ingetosha wengi wetu kumfungia faili. Lakini cheki alichoacha. Mwaka 1957 zilichapishwa tamthilia zake mbili za Kiswahili, Afadhali Mchawi na Mgeni Karibu, mwaka uleule ilipotoka Nakupenda, Lakini... ya Henry Kuria. Yaani ukisoma historia ya tamthilia ya Kiswahili Kenya, huwezi kumruka. Mwaka 1964 akatoa kitabu cha kuwaongoza walimu wa muziki na wa kwaya. Mwaka 1975 kikatoka kitabu chake kuhusu ala za muziki za Kenya.

Ukiviweka vitabu hivyo kwa mstari, unaona mtu akigeuka. Cha 1964 kinatufundisha kuimba. Cha 1975 kinauliza sisi wenyewe tunapiga nini, na tunakipigaje. Wimbo wa Taifa uko katikati ya watu hao wawili, mwalimu na msikilizaji, na ukitega sikio utawasikia wote.

Msikilizaji yuko kwenye melodi. Ilitoka kwa Mzee Meza Moroa Galana, Mpokomo, na asili yake ni wimbo wa kubembeleza mtoto. Hebu fikiria. Ufaransa ina wimbo wa kwenda vitani. Sisi tukachagua wa mama anayelaza mtoto kando ya mto Tana. Na kamati haikuuvika tarumbeta za majivuno. Ule unyonge wake mtamu, ile huzuni kidogo, waliuacha ukae. Kujua mahali pa kutogusa ni kipaji, na hapo nawavulia kofia wote watano.

Mwalimu naye yuko kwenye upangaji. Sauti nne, soprano mpaka besi, kama wimbo wa kanisani. Kila silabi inabebeshwa mzigo wake, na mwendo wa kubembea unakufa. Mama hufuata pumzi ya mtoto, lakini kwaya hufuata mkono wa mwalimu. Ndiyo maana tunauimba kama watu wanaopanga matofali. Usiniamini, jaribu. Leo usiku imba ubeti wa kwanza peke yako, polepole, bila piano, ukitikisa mikono kana kwamba umebeba mtoto. Utashangaa kuna wimbo mwingine humo ndani.

Basi wimbo ni wa nani? Mimi naandika kutoka Olkaria, na mahali hapa pamenipa njia ya kulifikiria swali hilo. Tangu 1981 mitambo ya hapa inageuza joto la ardhini kuwa umeme. Kisima hutoa mvuke uliochanganyika na maji. Vikishatenganishwa, mvuke unaenda kuzungusha tabo, kisha umeme unapanda kwenye nyaya na kwenda zake Nairobi. Mwaka 2014, mtambo wa Olkaria IV ulipokuwa ukikamilishwa, familia za Wamaasai zilihamishiwa kijiji kipya kinachoitwa RAPland. Umeme tunauhitaji, sitanii, hata simu unayosomea haya inauhitaji. Lakini anayewasha taa Westlands hajui nani alikuwa akiishi juu ya mvuke ule.

Melodi yetu ilipita njia hiyohiyo. Ilikuwa chini, kwa Wapokomo, ikifanya kazi yake kila usiku. Kamati ikachimba, ikachuja, ikaunganisha bomba kwa taifa zima. Hiyo ni kazi ya injinia, na injinia mzuri anastahili mshahara na jina lake kwenye kibao. Ila injinia hatengenezi mvuke.

Kwa hiyo Hyslop si mwizi wangu, na si baba wa wimbo wangu. Alikuwa mpangaji mmoja kati ya watano, mwenye sikio zuri na mazoea ya kwaya ambayo hayakumtoka kwa wakati. Kumpunguza hakumwongezei Galana chochote. Kinachomwongezea Galana ni kutajwa. Kila karatasi ya Wimbo wa Taifa wanayopewa watoto shuleni iandikwe juu, kabla ya majina ya kamati: melodi ni wimbo wa kubembeleza wa Wapokomo, kutoka kwa Meza Moroa Galana. Ni mstari mmoja tu, na gharama yake ni wino.