Neno "Sahihi" kwenye Skrini: Uhakiki wa Lugha ya Programu za Kutia Saini Nyaraka

Sehemu hii inahakiki ujumbe mmoja mfupi ambao msanidi wa programu hulazimika kuuandika anapoongeza huduma ya kutia saini nyaraka kidijitali, yaani ujumbe unaomjulisha mtumiaji kuwa saini imekaguliwa na kukubalika. Kwa Kiswahili, tafsiri inayokuja kwa wepesi ni "Saini ni sahihi". Hoja ya mtafiti ni kwamba tafsiri hiyo inaahidi mambo ambayo programu haina uwezo wa kuyathibitisha.

Chanzo cha tatizo kimo ndani ya lugha yenyewe. Neno sahihi, lenye asili ya Kiarabu, likiwa nomino humaanisha jina au alama ambayo mtu huiandika kuthibitisha waraka. Likiwa kivumishi humaanisha jambo la kweli, lisilo na kosa. Kwenye karatasi maana hizi hukaa pamoja bila mgogoro, kwa kuwa msomaji anajua kuwa aliyetia sahihi ni binadamu anayeweza kuulizwa. Kwenye skrini msemaji ni mashine, na msomaji huelekea kuamini kuwa waraka mzima ni wa kweli.

Mashine huthibitisha nini hasa? Katika saini ya kidijitali, programu hukokotoa namba fupi kutokana na maudhui ya waraka, kisha ufunguo wa siri wa mtia saini hutumika kuzalisha saini kutokana na namba hiyo. Mhakiki hutumia ufunguo wa umma kukagua iwapo saini inalingana na waraka alio nao. Cheti cha kidijitali ndicho huunganisha ufunguo huo na jina la mtu. Kinachothibitika, basi, ni kwamba maudhui yaliyotiwa saini hayajabadilika, kwamba ufunguo fulani ulitumika, na kwamba mtoa cheti ameutaja kuwa wa mtu fulani. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloonyesha kuwa mkopaji alielewa riba aliyoikubali, wala kwamba aliyeshika simu wakati huo ndiye mwenye ufunguo.

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Tanzania ya mwaka 2015 inatambua saini ya kielektroniki iliyo salama, na miongoni mwa masharti yake ni kumtambulisha mtia saini na kufichua mabadiliko ya baadaye. Picha ya saini iliyobandikwa tu kwenye waraka haifikii masharti hayo kwa nguvu zake yenyewe. Hata hivyo, programu inayotumia kitufe kimoja cha "Saini" kwa njia zote mbili humnyima mtumiaji nafasi ya kujua ni ipi kati yake aliyoitumia.

Hatari hii si ya kinadharia. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ruhr, Bochum, nchini Ujerumani, walionyesha kuwa programu 21 kati ya 22 za kompyuta za kusomea faili za PDF ziliweza kulaghaiwa. Katika mojawapo ya mashambulizi hayo, maudhui mapya yaliongezwa mwishoni mwa faili. Sehemu iliyotiwa saini ilibaki kama ilivyokuwa, lakini msomaji alionyeshwa maudhui mengine, huku programu ikiendelea kutangaza kuwa saini ni halali. Kihisabati, saini haikuwa na dosari. Kilugha, msomaji alidanganywa.

Inaweza kudaiwa kuwa mtumiaji wa kawaida anahitaji neno moja tu, si maelezo. Mtafiti hakubaliani na dai hili. Mwananchi anayepeleka barua yenye muhuri wa serikali ya mtaa anafahamu kuwa muhuri unaonyesha barua imepitia ofisi hiyo, si kwamba kila neno lililomo ni la kweli. Uwezo wa kutofautisha anao tayari. Kinachokosekana ni ujumbe unaouheshimu.

Kwa hiyo, mtafiti anapendekeza ujumbe huo ugawanywe katika kauli tatu: "Waraka huu haujabadilishwa tangu ulipotiwa saini"; "Saini imetolewa kwa ufunguo wa mtu anayetajwa kwenye cheti"; na "Ukaguzi huu hauhusu ukweli wa yaliyoandikwa". Endapo kuna sehemu iliyoongezwa baadaye, ioneshwe wazi na kauli ya kwanza isitolewe. Mahakamani, mtu atafungwa na alichokitia saini. Ni haki yake kuambiwa, kwa lugha anayoielewa, mashine imethibitisha nini na imenyamazia nini.