Utazame Mkono wa Kushoto

Sifa wanazopewa wachuaji na wapiga sindano za Kichina siku hizi zinaudhi. Mtu anatoka kwa mchuaji mgongo umevilia damu, anaupiga picha, anawatumia ndugu zake, nao wanajibu kwamba huyo ndiye fundi. Mwingine anasifiwa kwa sababu kiungo kimelia mpaka waliokaa barazani wakasikia, mwingine kwa sababu mgonjwa amepiga mayowe. Tangu mwogeleaji Michael Phelps aonekane kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016 akiwa na duara nyekundu za vikombe mabegani, alama ya kuumikwa imegeuka nishani ya kuonyesha watu. Haya yote hayathibitishi ufundi. Kuvilia damu ni mishipa midogo iliyopasuka. Mlio wa kiungo ni wa kiputo cha gesi kwenye ute wa kiungo, na vidole vya mtu mzima asiyeumwa popote hulia vivyo hivyo. Mayowe ni maumivu tu. Kwa mji kama Tabora, mji uliokua juu ya mabega ya watu, kusifu vitu hivi ni aibu.

Kabla reli haijafika hapa mwaka 1912, kila jino la ndovu lililotoka Unyanyembe, yaani eneo hili la Tabora, kwenda Bagamoyo lilikwenda begani. Mzigo wa kawaida ulikuwa frasila mbili hivi, yaani kilo thelathini na ushei, na mwendo ulichukua karibu miezi mitatu kwa msafara usiocheleweshwa. Kisha yakaja marejeo na majora ya nguo, shanga na waya. Waliobaki na safari ya Ujiji walikuwa bado na wiki kadhaa mbele yao. Wanyamwezi waliifanya kazi hiyo kuwa taaluma ya kujivunia, na taaluma inayokula bega namna ile haiwezi kudumu pasipo mikono inayojua kulirudisha bega mahali pake. Leo migongo ya mkoa huu imeinamia tumbaku ya Urambo na Kaliua, au inasukuma baiskeli za mkaa, lakini msuli unaokaza kutoka kisogoni hadi begani ni ule ule. Kilichopungua ni subira. Uchuaji wa zamani ulikuwa wa jioni nzima, haukuwa na foleni mlangoni, na hakuna mashine ya kutetemesha misuli iliyowahi kuwa badala yake.

Mgeni wa kazi hii hutazama mkono unaobonyeza. Mjuzi hutazama ule mwingine, ambao kwa mafundi wengi ni wa kushoto. Fundi anapokanda bega kwa mkono wa kulia, wa kushoto hauning'inii, haushiki simu, wala haujiegemezi kitandani kuubeba uzito wake. Umelala juu ya mwili wa mgonjwa, kando ya mahali panapokandwa, kiganja kimetulia na vidole vimelegea. Kazi yake ni kupokea habari. Msuli unaobonyezwa kwa pupa hujikaza kujilinda, na mkono wa kulia hauwezi kulitambua hilo mapema, maana unaposukuma unahisi zaidi nguvu zake wenyewe. Wa kushoto hausukumi kitu, kwa hiyo unasikia. Unasikia hata pumzi: mgonjwa akiizuia, mbavu husimama, na mwenye kiganja mgongoni hujua kabla uso haujakunjamana. Hapo hulegeza, hungoja mbavu zianze kwenda tena, ndipo anashuka ndani zaidi. Ndiyo maana mgonjwa wa fundi halisi hapigi mayowe hata anapokandwa kwa kina. Kila maumivu yalipokaribia, mkono wa kushoto ulikwisha kutoa taarifa.

Mkono huo huo ndio unaoanza kazi. Mafuta hayajamiminwa bado, na fundi anapapasa pakavu, kwanza upande usiouma ili aujue mwili ulivyo ukiwa salama, kisha unaouma. Anatafuta joto lililozidi, ubaridi, fundo, mahali ambapo ngozi haitaki kuteleza juu ya nyama. Anayeanza na mafuta amejifunga kitambaa machoni, kwa kuwa utelezi huficha mafundo madogo. Mafuta yenyewe yawe ya karanga au ya nazi, yapashwe kwa kusuguliwa viganjani; mawese ya Kigoma yaachiwe chungu. Na mchuaji asizungumze akiwa kazini, isipokuwa kuuliza.

Kipimo hiki kinavuka mipaka ya uchuaji. Madaktari wa Kichina walipoanza kuja Zanzibar mwaka 1964 na Tanzania Bara mwaka 1968, walitoka katika nchi ambayo tiba yake ya sindano ilikwisha kulisema jambo hili zamani sana. Nanjing, kitabu cha utabibu chenye umri wa karibu miaka elfu mbili, kinamtofautisha mpiga sindano anayejua na asiyejua kwa mkono anaoutegemea: mjuzi hutegemea wa kushoto, unaobonyeza ngozi na kuiandaa, na asiyejua hutegemea wa kulia, ulioshika sindano. Huko Japani katika karne ya 17, Sugiyama Waichi, tabibu aliyekuwa kipofu, alieneza matumizi ya kibomba chembamba ambacho sindano hupitishwa ndani yake. Kibomba hicho hushikwa kwa mkono wa kushoto na kukandamizwa juu ya ngozi, na wa kulia hugonga tu kichwa cha sindano. Masimulizi yanasema alijikwaa kwenye jiwe, akachomwa na jani la msonobari lililoingia katika jani lililojikunja, na hapo ndipo wazo lilipomjia. Iwe kweli au hadithi, chombo chake kinatumika mpaka leo, na shule alizoanzisha ziliwafunza vipofu sindano na uchuaji pamoja, kazi mbili zinazohitaji vidole vilevile.

Mtu atauliza: si vituo vya sindano vinajulikana, na kinachotakiwa ni kuvikariri tu? Wachina wenyewe waliwahi kufanya mtihani wa namna hiyo. Mwaka 1027 Wang Weiyi alisimamia kusubiwa kwa sanamu mbili za shaba zenye vitundu kwenye kila kituo. Sanamu ilipakwa nta kwa nje na kujazwa maji ndani, na mwanafunzi aliyelenga sawasawa aliyaona maji yakitoka. Mtihani mzuri, lakini shaba haijikazi wala haizuii pumzi. Pingamizi zito zaidi limetoka Ujerumani, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007 juu ya watu 1,162 wenye maumivu sugu ya kiuno. Baada ya miezi sita, waliopata nafuu kwa sindano za vituo vya Kichina walikuwa asilimia 47.6, waliochomwa juu juu mahali pasipo vituo, asilimia 44.2, waliopewa dawa na mazoezi ya kawaida, asilimia 27.4. Wapo wanaosema matokeo hayo yanaizika tiba ya sindano. Kinachozikwa ni ramani ya vituo, pamoja na majigambo ya wanaoiuza ramani hiyo kama siri. Makundi yote mawili ya sindano yalilazwa, yakaguswa, yakapewa muda na uangalizi, na yote mawili yalilipita la tatu kwa mbali. Ikiwa mahali pa kuchoma pana uzito mdogo kiasi hicho, basi namna mgonjwa anavyoshikwa inastahili kupimwa kwa ukali zaidi.

Kwa mgonjwa, mambo ya kutarajia ni machache. Sindano itoke kwenye pakiti iliyofunguliwa mbele yako. Ikiingia, usikie uzito, mvuto au ganzi inayoenea, si ukali unaodumu, kisha ukae nayo kama dakika 20 hadi 30. Juu ya bega, ambapo pafu haliko mbali, mkono wa kushoto wa fundi huubana msuli na kuuinua kabla ya kuchoma. Akichoma hapo moja kwa moja kwenda chini, inuka uondoke, maana pafu lililotobolewa ni kazi ya hospitali.

Kuumika ndiko kulikojaa ulaghai. Watu huonyeshwa mabonge meusi ndani ya pembe wakaambiwa ni damu chafu, hali damu ya mtu yeyote ikikaa ndani ya pembe dakika kadhaa huganda na kuwa nyeusi. Laghai wa kale zaidi huficha kijiwe au kipande cha mfupa chini ya ulimi, akanyonya pembe, akatema, na wateja wakashangaa. Achana na kilichomo ndani ya pembe, tazama duara lililobaki mwilini. Limekolea sawa pande zote? Basi mkono wa kushoto uliikalisha pembe vizuri na kuivuta ngozi ikanyooka kabla ya kunyonywa. Duara lililokolea upande mmoja ni la mumishi mwenye haraka, hata akisifiwa mji mzima. Chale ziwe fupi na za juu juu, kwa wembe mpya.

Wengine watasema kipimo cha mikono ni cha wapenda sanaa, na kwamba tangu Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 kinachotakiwa ni cheti cha Baraza linalosimamia tiba hizo. Cheti kiulizwe, tena bila haya. Lakini cheti kinaeleza kwamba mtu anajulikana na serikali. Hakiwezi kueleza iwapo atagundua kwamba shavu la mguu wako limevimba na kupata moto upande mmoja tu, dalili ya damu iliyoganda ndani ya mshipa, ambayo haikandwi kamwe. Mkono uliopapasa kwanza ndio utakaogundua, na fundi atafunga chupa ya mafuta akuelekeze hospitali ya Kitete siku hiyo hiyo. Asipokuelekeza popote, na kazi ikafanyika, usimpe sifa jioni ile, kwa maana mwili uliotoka kukandwa hujisikia mwepesi kwa yeyote. Ngoja asubuhi ya pili, uinue mkono hadi sikioni, uuteremshe polepole, kisha uangalie kama bega limekubali bila shingo kulisaidia.