Filta Ikigoma, Bisibisi Isiwe ya Kwanza

Kila mtaa una mtu atakayekwambia kwamba filta ya oili iliyogoma dawa yake ni bisibisi: itoboe ubavu huu itokee wa pili, shika mpini, zungusha, kazi imekwisha. Wakati mwingine huwa kweli. Ila kuna jambo ambalo wanaoisifia njia hii hawalitaji: ukishaitoboa filta, gari halitembei tena mpaka hiyo filta itoke. Huwezi kuliwasha ulipeleke gereji, maana pampu itaisukuma oili yote nje kupitia tundu ulilotoboa. Kwa anayefanya kazi nyumbani, tena Jumapili maduka ya vipuri yakiwa yamefungwa, hapo usumbufu unageuka balaa.

Niliishuhudia kazi ya namna hiyo ikiharibika kwenye Probox ya jirani. Naichambua hapa kwa sababu karibu kila hatua aliyoichukua ilikuwa sahihi. Mpangilio wake ndio uliomponza.

Injini ya gari lile ni Toyota 1NZ-FE ya cc 1,500, ileile iliyomo kwenye IST nyingi na baadhi ya Vitz za barabarani kwetu. Filta yake ni ya kopo, inafungwa kwa kuzungushwa, na unaifikia ukiwa umelala chini ya gari. Jirani alilinyanyua gari kwa jeki, akaliegemeza kwenye stendi, akazuia magurudumu ya nyuma kwa mawe. Hapo hana deni, maana jeki peke yake haimlindi aliye chini. Akafungua nati ya sampu, akamwaga oili mpaka tone la mwisho, kisha ndipo akaishika filta. Haikutikisika.

Wengi wakifika hapo husema nyuzi zimeshika kutu. Kutu itatoka wapi, na nyuzi zenyewe zinaogelea kwenye oili maisha yao yote? Kinachoshika ni ile pete ya mpira iliyo kwenye mdomo wa filta. Maelekezo ya Toyota kwa filta hii ni kuizungusha robo tatu ya mzunguko baada ya mpira kugusa injini, au kuikaza kwa nyutoni-mita 17.5. Nyuzi zake ni 16 kwa kila inchi, kwa hiyo robo tatu ya mzunguko inausogeza mpira kama milimita 1.2 tu. Sasa aje mtu aikaze kwa spana "isije ikavuja", tena mpira ameufunga mkavu bila kuupaka oili. Joto la safari za miezi kadhaa litaugandisha mpira huo kwenye uso wa injini kama uliobandikwa kwa gundi.

Hata ile iliyokazwa kihalali si ya kuidharau. Kopo lina kipenyo cha milimita 65 hivi. Ukipiga hesabu, kulizungusha kwa nyutoni-mita 17.5 kunadai usukume ukingo wake kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 55. Kiganja kilicholowa oili hakitoi nguvu hiyo, hata kiwe cha mbeba mizigo wa bandarini.

Jirani akaenda moja kwa moja kwenye bisibisi. Akaipigilia kwa nyundo katikati ya kopo, ikatokea upande wa pili, akavuta. Kwa sekunde moja ilionekana kama inakubali, kumbe kinachosogea ni bati. Tundu likarefuka likawa mpasuko, mpasuko ukazunguka kopo, na filta bado iko palepale. Akatoboa tena juu kidogo. Likachanika zaidi, mpaka kopo likabaki mkononi mwake na karatasi ya kuchujia ikaning'inia nje.

Ukiitazama filta iliyokatwa utaelewa mara moja. Ukuta wa kopo ni bati ambalo unene wake haufiki milimita moja. Nyuzi ziko kwenye sahani ya chuma kinene iliyo upande wa injini, na mpira umekaa kwenye sahani hiyohiyo. Kwa hiyo nguvu inayotumika mbali na sahani inaishia kulipinda na kulichana kopo. Wanaofanikiwa kwa bisibisi ni wale wanaotoboa karibu kabisa na sahani, na hao pia wana bahati kwamba filta haikuwa imegoma sana.

Kosa kubwa zaidi, hata hivyo, lilitangulia bisibisi. Filta ijaribiwe kabla ya oili kumwagwa. Oili ikiwa bado ndani, unaweza kuiwasha injini dakika chache ipate uvuguvugu, mpira ulainike, kisha uzime na ujaribu tena. Ukishindwa kabisa, unaliendesha gari mpaka kwa fundi. Jirani alikuwa ameshamwaga, kwa hiyo milango yote miwili ilikuwa imefungwa.

Kabla ya chuma chochote kuligusa kopo, lifute kwa kitambaa na sabuni mpaka likauke, lizungushie msasa upande wa mchanga ukiligusa, ndipo ushike. Ni ajabu filta ngapi hutoka kwa hilo tu. Ikikataa, kuna kofia ya filta inayovikwa kichwani na kuzungushwa kwa spana ya soketi, spana ya mkanda, na ile ya miguu mitatu inayobana zaidi kadiri unavyoizungusha. Spana ya cheni naiweka mwisho kwa sababu hulibonyeza kopo, na hata yenyewe ifungwe karibu na sahani. Hakuna hata moja kati ya hizo inayotoboa. Halafu hakikisha unazungusha kinyume cha saa ukiwa unakitazama kitako cha filta. Ukiwa umejilaza chini na kichwa kimegeuka, ni rahisi mno kukaza ukidhani unafungua.

Aliyeiokoa Probox ni fundi wa mtaa wa pili. Alikata mabaki ya bati kwa mkasi, sahani ikabaki wazi na matundu yake madogo ya kuingizia oili. Akaegesha tindo butu kwenye ukingo wa tundu mojawapo, akagonga polepole kuelekea kinyume cha saa, akahamia tundu la pili, akagonga tena. Muda wote ncha ya tindo aliiweka mbali na injini. Bloku ya 1NZ-FE ni ya aluminiamu, na mkwaruzo mmoja mahali pa kukalia mpira unatosha kuleta uvujaji usioisha. Sahani ikalegea, akaimalizia kwa vidole.

Kisha akakagua vitu viwili ambavyo wengi huvipita: kama lile bomba fupi lenye nyuzi limebaki kwenye injini au limetoka pamoja na sahani, na kama mpira wa zamani umebaki umenata. Filta mpya ikifungwa juu ya mpira wa zamani, presha ya oili huusukuma nje, na injini inaweza kubaki kavu ukiwa barabarani. Mpira mpya akaupaka oili, akakaza kwa mkono robo tatu ya mzunguko baada ya kugusa, akajaza lita 3.7, akawasha, akachungulia chini. Pakavu.

Oili chafu isimwagwe mtaroni. Itie kwenye galoni uipeleke gereji. Na kama gari lako lina injini hii, siku utakayonunua filta nunua na kofia yake, uivike kwenye filta mpya palepale dukani uone kama inakaa sawasawa kabla hujalipa.