Mtu na mutu: je, Kiswahili cha Goma kinaweza kubeba shairi?

Ndugu zangu ba-licenciés na wanafunzi, mimi ni mtu wa agronomie, siyo wa lettres. Lakini kuna neno moja ninalisikia kila mara watu wakitoka kusikiliza slam hapa mjini: "Kiswahili chetu ni cha soko. Ukitaka poésie ya kweli, andika Kifaransa." Hilo neno ninalikataa, na nitaeleza juu ya nini.

Kwenye humanités tulifundishwa métaphore, comparaison, personnification, ironie. Majina yalikuja na Kifaransa, basi tukaamini hata vitu vyenyewe ni vya Wafaransa. Kumbe Kiswahili kiko na majina yake: sitiari, tashbihi, tashihisi, kinaya. Na ushairi wake wa mapokeo uko na sheria kali kuliko slam yetu. Mshororo wa kawaida una mizani 16, yaani silabi 16, zimegawanywa 8 na 8. Kuna kina cha katikati na kina cha mwisho, na vina hivyo vinarudi katika ubeti.

Tena tunadhani mambo hayo yote ni ya Zanzibar na Mombasa. Sheria za Kutunga Mashairi, kitabu cha mwaka 1954 ambacho wengi walijifunzia, kiliandikwa na Kaluta Amri Abedi. Huyo alizaliwa Ujiji, kwenye ziwa Tanganyika. Ng'ambo ya maji yale ni Kongo!

Sasa tupime. Watu wa Dar wanatucheka tukisema mutu, mutoto, inchi, imbwa. Lakini katika mizani, "m" ya mtu inahesabiwa silabi nzima: m-tu, mbili. Sisi tunasema mu-tu: mbili. Mtoto ni tatu, mutoto ni tatu. N-chi mbili, i-nchi mbili. M-bwa mbili, i-mbwa mbili. Chukua maneno haya: "Mtoto yuko shambani". Hesabu: nane. Sema kama nyumbani: "Mutoto iko mu shamba". Hesabu tena: nane! Silabi ambayo wao wanaihesabu bila vokali, sisi tunaipa vokali tu. Basi mizani haitukatazi kitu.

Vina ndiyo vinabadilika. Wao wako na "-ni" ya bure: shambani, nyumbani, sokoni, njiani. Mshairi mvivu anajaza ubeti mzima na hiyo "-ni" moja. Sisi tunaosema "mu shamba, mu nyumba" hatuna hiyo rahisi, lazima tutafute kina kwenye jina lenyewe. Ni kazi zaidi, lakini shairi linapata faida.

Kuna pia kitu tunachopoteza, tusifichane. Katika Kiswahili sanifu, tashihisi inaweza kufanywa na silabi moja tu. "Mlima umelala" ni habari ya kawaida. "Mlima amelala", mlima umekuwa mtu. Sisi tunaosema "iko" kwa mtu na "iko" kwa jiwe, mlango huo tumeufunga nusu. Anayeandika Kiswahili cha Goma inafaa ajue hivyo, kusudi atafute njia nyingine.

Ugonjwa mkubwa wa maandiko yetu ninauona kwenye sitiari. Kila kijana ni volkano. Hasira ni lava, mapenzi ni lava, politique ni lava. Sitiari inayotumiwa na kila mutu inachakaa kama shamba linalolimwa mahindi kila msimu bila kupumzika. Na ubaya ni kwamba tunachukua moto peke yake. Lava ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji mpaka ziwani. Leo tunafanya nini nayo? Tumejenga juu yake, tumechonga mawe yake kuwa kuta. Lava ikipoa, kwanza unaona kuvu-mwani za rangi ya majivu, halafu mimea midogo, na udongo unakuja baada ya miaka mingi sana. Hapo kuna sitiari ya uvumilivu, ya kuishi juu ya kile kilichokuchoma. Nani ameiandika?

Kwa kinaya, lakini, Goma ni professeur. Uliza mtu barabara iko namna gani, atakujibu: "Iko nzuri sana, hata magari yanaogopa kuichafua." Hajasoma rhétorique, lakini amesema kinyume na unaelewa, unacheka na unaumia pamoja. Hiyo ndiyo kinaya, na inapotea tukiitafsiri Kifaransa.

Mtu atasema: mizani ya nini, siku hizi ni vers libre. Sawa. Euphrase Kezilahabi alitoa Kichomi mwaka 1974 bila kufuata vina na mizani, ugomvi ukawaka kati ya washairi wa mapokeo na wale wa kisasa. Lakini yeye aliacha sheria anazozijua. Sisi tunaacha tusizozijua, halafu tunasema lugha ndiyo maskini.

Pendekezo langu ni dogo. Kabla ya slam ijayo, kila mmoja aandike ubeti mmoja wa mistari minne, 8 na 8, kwa Kiswahili cha nyumbani, bila neno volkano. Hesabu kwa vidole. Ukishindwa, angalia vizuri: ni lugha iliyokataa, ao ni mazoezi ndiyo hayajatosha?